Mita Mia Mbili Kutoka Nguzoni

Gari lilipoingia uani kuku walitawanyika, na Mzee Pankras akatoka kibarazani akalizunguka mara mbili kabla hajamtazama aliyekuwa analiendesha. Ilikuwa Haisi ya zamani, rangi ya maziwa, paa limeinuliwa kwa bati na fremu za chuma hata mtu mrefu angeweza kusimama ndani.

"Shikamoo baba," Edina alisema akishuka.

"Marahaba, mwanangu. Hii ndiyo ile gesti yenu?"

"Ndiyo hii."

Edina na mumewe Clemence, fundi wa kuchomelea pale Songea, walikuwa wameng'oa viti vyote vya nyuma wakaweka vitanda viwili, jiko la gesi, tangi la maji na kabati la vyombo. Walitaka kulikodisha kwa watu wanaopenda kusafiri huku wakipika na kulala ndani ya gari lao. Majirani waliliita gesti ya matairi, na jina likashika. Wateja wa kwanza, familia moja ya Arusha, wangefika baada ya wiki tatu. Walitaka kwenda Ziwa Nyasa, na hakuna hata mmoja wao aliyewahi kukanyaga Ruvuma. Kwa hiyo Edina aliamua kuipitia njia nzima yeye mwenyewe kwanza, kutoka Songea mpaka Mbamba Bay, akiweka alama kwenye ramani ya simu: penye bomba la maji safi, penye fundi wa matairi, penye mafuta, penye uwanja tambarare wa kuegesha gari na kulala. Hakutaka wageni wake wababaike. Alijua kubabaika njiani kulivyo. Mwaka juzi yeye na Clemence walinuniana kutoka Makambako hadi Njombe kwa sababu ya njia panda moja tu.

Clemence alikuwa amebanwa na kazi, ndiyo maana Edina alipita nyumbani Mbinga kumchukua baba yake awe mwenzake wa safari. Mzee alikuwa na miaka sabini na mitano, na msimu wa kuchuma kahawa ulikuwa umeanza, lakini hakuhitaji kubembelezwa. Mama yake Edina, Bibi Vitalia, aliwafungia viazi vya kuchemsha na chupa ya chai, akawafanyia ishara ya msalaba wao wawili na gari lenyewe.

Hawakuwa wamefika hata barabara kuu sauti ya mwanamke ikasema, "Baada ya mita mia tatu, pinda kushoto."

Mzee Pankras aligeuka akachungulia vitandani.

"Nani huyo?"

"Ni simu, baba. Inanielekeza njia." Edina alimwonyesha simu iliyobanwa juu ya dashibodi. Kwenye kioo chake kulikuwa na mstari mrefu wa bluu, na juu ya mstari kidoti kinachosogea. "Mstari ni barabara. Hicho kidoti ni sisi."

"Sisi?"

"Sisi. Mimi na wewe na gari."

Mzee aliinama mpaka kofia yake ikagusa kioo cha mbele. Alikitazama kidoti kwa kitambo kirefu, kisha akatazama nje, kisha akarudi kwenye kidoti.

"Simamisha gari," alisema.

Edina akasimama pembeni, akidhani baba anataka kujisaidia. Mzee hakushuka. Aliendelea kukodolea macho simu.

"Kimesimama. Haya, nenda polepole." Edina akaenda polepole. "Kinakwenda polepole. Hebu rudi nyuma kidogo."

"Baba, tupo barabarani."

"Hakuna gari linalokuja. Rudi nyuma."

Edina akarudi nyuma hatua kama ishirini. Kidoti kikasita, kikageuka, kikarudi. Mzee Pankras akaegemea kiti akavua kofia na kuiweka magotini, jinsi anavyofanya kanisani.

Lami ya kwenda ziwani ilipita migongoni mwa milima, huku chini makorongo na kule juu mashamba ya ngolo, yale mashimo yaliyochimbwa safu kwa safu kwenye miteremko ili kuzuia maji yasiondoke na udongo. Edina alikuwa hajawahi kuendesha njia hii, na hapo zamani habari za kona zake zilikuwa za kutisha. Sasa aliendesha mabega yakiwa yamelegea. Sauti ilimtangulia kwa kila kitu. Kabla ya kona kali alikuwa ameshaiona kona ikijikunja kwenye kioo, na mguu umeshaacha mafuta. Mara mbili alisimama akaweka alama: palipokuwa na bomba la kijiji, na uwanja mpana kando ya ghala la kahawa ambako mlinzi alimwambia wageni wanaweza kulala bila wasiwasi.

Waliporudi barabarani mara ya pili, Mzee aliuliza, "Anayetuona ni nani?"

"Setilaiti, baba. Mitambo iko juu angani."

"Na ukungu ukishuka?"

"Hata kwenye ukungu inafanya kazi."

"Na mvua?"

"Hata mvua."

"Sisi wingu moja tu lilitukalisha siku kumi na moja," Mzee alisema.

Edina alijua kwamba kabla hajazaliwa baba yake aliwahi kufanya kazi na wapima ardhi. Yeye na ndugu zake walichukulia kwamba alikuwa mbeba mizigo, kwa sababu alichowahi kuwasimulia ni uzito wa saruji mabegani na viroboto wa mahemani. Hawakumuuliza zaidi. Baba wa kila mtu alikuwa amebeba kitu mahali fulani.

Simu ikalia kuashiria kwamba mtandao umekatika. Mzee akaikodolea macho tena. Kidoti kilikuwa kinaendelea.

"Mbona hakikusimama?"

"Ramani nilishaipakua jana nyumbani, imo ndani ya simu. Na hizo setilaiti hazitumii minara ya simu. Nimejifunza hivyo kwa shida, baba. Mtu asipopakua ramani mapema, mtandao ukikatika anabaki na kioo cheupe."

Walipita kilomita kadhaa za kona. Halafu Mzee Pankras akasema, kwa sauti ya mtu anayeomba kitu kikubwa, "Inaweza kunipeleka Lihanje?"

Edina alisimama akaandika jina. Simu ilitafuta kwenye ramani iliyopakuliwa, haikuleta kitu. "Haipajui, baba. Ni kijiji?"

"Ni kilele. Kiko huku upande wa Kingerikiti, lakini tulipanda kwa miguu kutokea bondeni, na siku hizi sizijui tena njia zake. Sina haja ya jina. Nina namba zake." Akafumba macho. "Digrii kumi na moja, dakika tisa, sekunde arobaini na mbili nukta sita, kusini. Digrii thelathini na nne..."

"...dakika hamsini na mbili, sekunde kumi na saba nukta moja," Edina akamalizia.

Wote wawili wakatazamana.

Alizijua. Alizisikia utotoni kila msimu, baba akichuma kahawa mstari wa mbele, akizinong'ona kwa mahadhi ya litania. Watoto walidhani ni namba ya kadi yake ya chama cha ushirika.

"Bwana Nathanieli ndiye aliyetufundisha," Mzee alisema. "Mpimaji wetu. Kila tulipomaliza hesabu za kilele alituweka mstari tukaimba namba zake. Alisema, daftari likizama mtoni, ninyi ndio daftari. Tulikuwa watano. Nimebaki mimi."

Edina akaziandika kwenye simu, taratibu, baba akimsomea tena. Simu ikafikiri. Kisha ramani ikaruka milima miwili ikasimama juu ya kijani kitupu, na pini nyekundu ikachomeka. Mstari wa bluu ukajichora upya kurudi walikotoka, ukaacha lami baada ya kilomita sita na kuingia barabara ya udongo.

"Geuza inapowezekana," sauti ilisema, maana tayari walikuwa wameipita njia ya kuchepukia. Mzee akacheka kwa mara ya kwanza siku ile.

Barabara ya udongo ilikuwa kavu na ngumu, ingawa nyembamba. Kwenye kijito kimoja walikuta daraja la magogo. Mzee alishuka, akaligonga kila gogo kwa kisigino, akamwongoza bintiye kwa mikono, kushoto kidogo, kulia, nyoosha, mpaka matairi ya nyuma yakagusa udongo wa upande wa pili. Simu haikuwa imesema lolote juu ya magogo, na Edina akaandika kwenye ramani yake: wageni wasipitishwe hapa.

Barabara ilikwisha kwenye kiwanja cha shule. Kutoka pale kioo kilionyesha vitone vya kutembea kwa miguu, mita mia sita na arobaini. Walifunga gari, Edina akashika simu mkononi, wakapanda. Baba yake alitangulia. Kwa miaka yake Edina alitegemea kumsubiri, lakini ni yeye Edina aliyehema.

Kilima kilikuwa kimepandwa misindano, miti mirefu iliyofunga anga pande zote. Mzee alisimama mara kwa mara akageuza kichwa huku na huku, kama mtu aliyeingia nyumba yake akakuta vyombo vimehamishwa. Waliibuka kwenye shamba dogo la mahindi yaliyokwisha kuvunwa, mabua yamelala.

"Umefika unakoenda," simu ikasema.

Hapakuwa na kitu. Mabua, kichuguu kimoja, mbuzi amefungwa kamba.

Mzee Pankras alitembea kutoka pembe moja ya shamba hadi nyingine akitazama chini. Alirudi. Akasukuma mabua kwa mguu.

"Siyo hapa," alisema. "Hapa ni ubavuni. Nguzo yetu ya upimaji tuliijenga kileleni kabisa, pasipo na kitu juu yake."

"Labda simu imekosea, baba."

"Simu imetuleta kona kwa kona kutoka nyumbani kwangu. Ilijua tuliporudi nyuma hatua ishirini." Akakaa juu ya kichuguu. "Haijakosea hiyo. Tulikosea sisi."

Edina hakuwahi kumwona baba yake na uso ule, hata msibani. Alitaka kumwambia kwamba haidhuru, ni miaka hamsini na moja imepita, nani anajali. Lakini aliona kwamba neno hilo lingekuwa baya kuliko yote, akalimeza.

Mwanamke mmoja mtu mzima alitokea kwenye miti akiwa na kuni kichwani. Aliwakuta wamekaa shambani kwake, akatua mzigo.

"Shikamoo mzee. Karibuni. Mmepotea?"

"Marahaba, mama. Natafuta nguzo ya saruji, ya serikali. Tuliijenga zamani kwenye kilima hiki, ina urefu wa hapa." Akaonyesha kifuani.

"Ahaa!" Mwanamke, aliyejitambulisha kuwa ni Mama Ottilia, alicheka. "Mnatafuta mtandao! Si mngesema. Twendeni."

Aliwaeleza wakiwa njiani. Kijiji kizima hakina mtandao ila mahali pamoja, kando ya ile nguzo. Mtu akitaka kuongea na mwanawe aliyeko Songea au Dar anapanda huko, anaweka simu juu ya nguzo, inashika. Alijua nguzo hiyo tangu alipoolewa hapa. Hakuna aliyekumbuka ni nani aliyeijenga. Wengine walisema Wajerumani.

"Wajerumani!" Mzee alisema, akaongeza hatua.

Walipanda kuelekea kusini, wakikata kidogo mashariki. Edina alitupa jicho kwenye simu: pini ilikuwa inabaki nyuma yao, mita hamsini, mia, mia na hamsini. Walipotoka kwenye miti ilisomeka mita mia mbili na tano. Na pale, juu ya mwamba ulio wazi, nguzo ilikuwa imesimama wima, kijivu, imeota ukoga upande mmoja.

Mzee Pankras hakuikimbilia. Alivua kofia, akaikaribia polepole, akaiwekea viganja vyote viwili. Kisha akapiga magoti na kukwangua ukoga kwenye kitako kwa ukucha. Zikatokea herufi zilizochorwa na kijiti wakati saruji ikiwa mbichi, safu ya majina matano yaliyofupishwa. Aliyasoma moja moja kwa kidole.

Alipoinuka alisema tu, "Mita ngapi?"

Edina alitamani kumdanganya. "Mia mbili na tano."

"Mia mbili na tano." Mzee akageuka akatazama ziwa. Kutokea pale lilionekana lote, kuanzia milima ya kaskazini hadi lilipomezwa na weupe wa kusini, na ng'ambo, mbali sana, mstari wa milima ya Malawi. "Bwana Nathanieli alirudia vipimo mara kumi na sita hapa. Kumi na sita. Alikufa anajua tumepatia."

Simu ikalia mfululizo mkononi mwa Edina, ujumbe wa saa tatu nzima ukiingia kwa pamoja. Mama Ottilia alikuwa amesema kweli kuhusu mtandao. Ndipo Edina alipomkumbuka Glorious, binti mpima ardhi aliyewapimia kiwanja chao Songea. Akampigia, akaweka spika, akamweleza yote: namba, pini, nguzo, baba.

"Subiri, dada," Glorious akasema. "Baba yuko hapo? Yeye mwenyewe alikuwa kwenye kikosi?"

"Yuko hapa, anakusikia."

"Shikamoo babu."

"Marahaba."

"Babu, mlipima mwaka gani?"

"Sabini na nne. Mwezi wa nane."

Kisha Glorious akaongea polepole, kama mtu anayepanga maneno yasije yakavunjika. "Babu, hamkukosea. Sikiliza. Wakati wenu vipimo vilianzia juu ya ardhi yenyewe, kilele hadi kilele, na mahesabu yake yalitumia umbo la dunia lililochaguliwa likae vizuri upande wetu huu wa Afrika. Setilaiti zinahesabu kuanzia katikati ya dunia nzima. Ni sawa na watu wawili wanaopima shamba moja, huyu ameanzia kwenye uzio na yule kwenye mlango wa nyumba. Namba zao hazitafanana, na wote wako sahihi. Hapa kwetu tofauti yake ndiyo hiyohiyo, mita mia mbili hivi, na namba za zamani zikiwekwa kwenye simu huangukia kaskazini ya mahali penyewe. Pini yenu ilikuwa upande gani?"

"Kaskazini," Edina alisema. "Kaskazini, na kidogo magharibi."

"Basi. Nitumieni namba, nizigeuze."

Walisubiri. Mama Ottilia alikaa juu ya jiwe, amesahau kuni zake. Mzee alisimama kando ya nguzo, mkono mmoja juu yake. Ujumbe ukaingia, na Edina akaziandika namba mpya moja moja.

Pini iliruka. Iliondoka shambani, ikapita juu ya misindano, ikatua karibu kabisa na kidoti kinachosema ninyi mpo hapa.

"Nifuate," Edina alisema, akatembea mpaka kidoti na pini vikawa kitu kimoja. Mzee akahesabu hatua kutoka hapo hadi nguzoni. Zilikuwa saba.

"Hatua saba," alimwambia Glorious, akikaribisha mdomo kwenye simu.

"Hizo saba ni kosa la simu ya dada, babu, na la haraka yangu mimi. Siyo lenu. Mlitumia nini?"

"Darubini, vioo na daftari."

Walimsikia Glorious akivuta pumzi. "Mimi nimesoma miaka minne," alisema, "na sijui kama ningeweza."

Mzee Pankras alijifuta uso kwa kofia. Halafu akauliza lile lililokuwa linamkereketa tangu asubuhi: hizo setilaiti zinatuonaje kupitia mawingu?

"Hazituoni, babu. Hazina macho. Kila moja inatangaza tu: mimi niko mahali hapa, na saa ni hii. Basi. Simu ndiyo inayosikiliza. Tangazo la iliyo karibu linawahi, la iliyo mbali linachelewa, kiasi kidogo ambacho binadamu hawezi kukihisi. Simu ikizisikia nne au zaidi kwa pamoja, inapiga hesabu ya umbali wa kila moja, na inajua ilipo."

"Ziko juu kiasi gani?"

"Kilomita elfu ishirini na kidogo. Utoke hapo Mbinga uende Dar na kurudi mara kumi, lakini juu moja kwa moja."

Mzee aliinua uso. Mbingu ilikuwa tupu, bluu, bila hata ndege. Edina naye akaangalia juu, na Mama Ottilia pia, na kwa muda watu watatu walisimama juu ya mwamba ule wakitazama pasipokuwa na kitu cha kuonekana, wakijua kwamba kimejaa.

"Kumbe ni kazi ileile," Mzee alisema hatimaye. "Sisi tulikuwa na vilele. Unasimama hiki, unatafuta kile na kile, unapiga hesabu, unajua ulipo. Wao wamejenga vilele vyao juu ya mawingu."

Akawaeleza, na safari hii Edina alisikiliza. Kikosi cha pili kilikuwa kwenye mlima mwingine, kilomita arobaini kutoka hapa, na kioo cha kurudisha jua. Walipaswa kuuona mwanga wake ili Bwana Nathanieli aulenge. Wingu likakaa siku kumi na moja. Unga ukaisha, wakala mizizi. Asubuhi ya siku ya kumi na mbili Pankras alikuwa zamu, amejifunga blanketi, wingu likapasuka, na upande wa pili wa nchi, kwenye mlima ambao hakuwahi kuukanyaga, nyota ikawaka mchana kweupe. Alipiga kelele mpaka akakauka sauti. Watu waliokuwa mbali kiasi hicho walikuwa wanamwambia: tupo hapa. Naye akageuza kioo chake kuwajibu.

"Nililia," alisema. "Nilikuwa na miaka ishirini na minne, nikalia mbele ya wenzangu."

"Mbona hukutuambia, baba?"

"Mlidhani nilibeba saruji. Na kweli niliibeba."

Glorious, aliyekuwa bado kwenye laini, aliomba picha ya nguzo na ya mzee pamoja. Alisema ataipeleka ofisini kwao, maana kwenye orodha zao nguzo nyingi za milima hii zimeandikwa kwamba hazijulikani kama bado zipo. Mzee alikataa kupigwa picha mpaka alipovaa kofia vizuri na kufunga vifungo vyote vya koti.

Walishuka wakamsaidia Mama Ottilia kuni zake, wakarudi kwenye lami kwa njia nyingine isiyo na magogo. Mteremko wa mwisho wa kwenda ziwani Edina aliuendesha kwa gia ndogo, sauti ikimhesabia kona. Walifika Mbamba Bay jua likiwa bado juu ya maji. Waliegesha karibu na mchanga ambako usipa, dagaa wa ziwa hilo, walikuwa wameanikwa kwenye vichanja, Edina akawasha jiko la gesi, na baba yake akala wali na samaki amekaa kitandani ndani ya gari, miguu ikining'inia, akisema kwamba mahema yao yangekuwa hivi asingeacha kazi.

Familia ya Arusha ilikuja mwezi wa saba. Hawakupotea hata mara moja, na barua yao ya shukrani ilitaja mambo mawili: utulivu wa njia nzima, na mzee mmoja wa Mbinga waliyempitia, aliyewapeleka kwenye nguzo na kuwakalisha pale saa mbili bila wao kutamani kuondoka.

Edina alimnunulia baba yake simu yenye ramani. Hakuitumia kupiga, wala hakwenda nayo mbali. Kila asubuhi, kabla ya kuingia kwenye kahawa, alitoka nayo katikati ya ua, akaishika juu ya kiganja na kungoja kidoti kitulie. Bibi Vitalia alimtazama hivyo wiki nzima akiwa jikoni, na siku ya nane akashindwa kuvumilia.

"Leo tuko wapi?" akauliza.

"Palepale," Mzee Pankras alisema, bila kuinua macho. "Palepale, mama. Dunia imezunguka usiku kucha, na bado wanajua kwamba tuko palepale."

Bibi Vitalia akaja akifuta mikono kwenye kanga, akasimama karibu naye kuangalia.